Taa za LED za ziada: tuache kununua namba za kwenye boksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye malori, madereva wa Land Cruiser na mafundi wenzangu kuhusu taa za ziada za LED. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, barabara za kanda yetu hazilali. Malori ya tumbaku yanatoka Urambo na Kaliua, mizigo ya Burundi inapitia Kigoma, na magari ya miradi yanaingia vijiji vya ndani ya Sikonge na Uvinza ambako hakuna hata taa moja ya barabarani. Haja ya mwanga ipo kweli. Ila namna tunavyouchagua mwanga huo inaniuma, kwa sababu watu wanalipia taa zisizowaonyesha njia, tena zinazowapofusha wanaokuja mbele yao.

Mteja akiingia dukani, swali lake la kwanza ni lumeni ngapi, wati ngapi. Swali hilo ndilo linalomponza. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, uwe umeenda barabarani, pembeni kwenye miti au juu angani. Kinachomfaa dereva ni mwanga unaofika barabarani, kwa umbali anaouhitaji, bila kumrudia machoni. Na kwa njia zetu za vumbi jekundu, baa ndefu ya LED iliyofungwa juu ya paa, ambayo ndiyo inayopendwa kuliko zote, ndiyo chaguo baya kuliko yote.

Kabla hujatoa hela ya taa mpya, zitazame kwanza zilizopo. Taa za mbele zilizochoka ndizo zinazowakimbiza wengi kwenye taa za ziada. Washa injini, washa taa, pima volti kwenye betri, halafu pima nyuma ya soketi ya balbu. Tofauti ikizidi nusu volti kwenye gari la volti 12, jua kuna waya, swichi au ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi) iliyochoka. Balbu ya halojeni, ile ya kawaida yenye waya mwembamba unaowaka ndani, haina huruma na upungufu huo: ikipata volti 12 badala ya 13.2, yaani pungufu ya asilimia 9 tu, mwanga wake unashuka kwa zaidi ya robo. Relei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme), moja ya fuli, yaani mwanga wa mbali, na moja ya dimu, yaani mwanga ulioshushwa, pamoja na waya wa milimita za mraba 2.5 unaotoka betri moja kwa moja, hurudisha mwanga huo kwa gharama ndogo. Lenzi ya plastiki iliyogeuka njano isuguliwe kwa msasa wa maji, kuanzia namba 800, kisha 1500, kisha 2000, ing'arishwe, halafu ipuliziwe vanishi inayokinga jua. Bila vanishi hiyo njano itarudi haraka.

Balbu za LED za kuchomeka kwenye taa iliyotengenezwa kwa halojeni sizishauri kabisa. Kioo cha ndani cha taa ya H4, aina ya balbu yenye fuli na dimu pamoja, kimekokotolewa kwa ajili ya waya mwembamba wa balbu uliokaa mahali pake hasa. Chipu, yaani vipande vya LED vinavyotoa mwanga, zikikaa milimita moja au mbili pembeni, mkato wa dimu, ule mstari wa juu ambao mwanga hauuvuki, unapotea na mwanga unapanda machoni mwa watu.

Sasa tuseme taa za mbele ni nzima na bado hazitoshi. Zimepungua kiasi gani? Gari likienda kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde. Mpe dereva sekunde 2 za kuona na kukanyaga breki, ameshatembea mita 33. Kwenye changarawe anahitaji kama mita 28 nyingine ndipo asimame. Jumla ni mita 61, na dimu nzuri humwonyesha mtu aliyevaa nguo nyeusi kwa mita 50 hadi 60 hivi. Kwa kilomita 80 jumla inakaribia mita 95, na hilo ni gari dogo lenye breki nzuri. Semi-trela yenye mzigo inahitaji zaidi. Kwa hiyo anayetaka kuona mita 150 hadi 200 mbele kwa uhakika ana haki yake. Anayeuziwa taa ya "kilomita moja" anauziwa kitu ambacho hatakitumia, maana kwenye njia zetu hakuna mwendo unaohitaji hivyo.

Kipimo cha kuuliza ni luksi, yaani mwanga unaoangukia mahali fulani, na luksi hiyo iko umbali gani. Taa yenye luksi 1 kwenye mita 300 ina nguvu ya kandela 90,000 (kandela ni kipimo cha nguvu ya mwale kuelekea upande mmoja), kwa sababu unazidisha luksi kwa umbali, kisha kwa umbali tena. Taa hiyohiyo kwenye mita 150 inatoa luksi 4, na mbili zikielekezwa pamoja zinatoa 8, kiasi kinachotosha kumtambua ng'ombe mweusi au baiskeli ya mkaa isiyo na kiakisi. Angalia pia kipimo kimechukuliwaje. Watengenezaji wengine huandika umbali wa luksi 1, wengine wa robo luksi, ambayo ni kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Taa ikipimwa kwa robo luksi umbali wake unaandikwa mara mbili: mita 800 za huyu ni mita 400 za yule, na taa ni ileile.

Hapo ndipo hesabu ya kuongeza taa inapoanguka. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Ukiwa na taa mbili zinazokufikisha mita 200, ukafunga nne za aina hiyohiyo, hufiki 400. Unafika kama 280. Ili ufike 400 unahitaji taa nane. Ndiyo maana lori lenye safu ya taa za bei rahisi kichwani linazidiwa na lenye taa mbili tu zenye kioo kirefu cha kukusanya mwanga. Kandela hazipatikani kwa kuongeza idadi ya chipu. Zinatoka kwenye umbo la kioo na upana wake.

Wati za kwenye boksi nazo zipimwe. Kuna taa imeandikwa wati 300, ukiishika ni nyepesi kama kopo tupu. Iunge kwenye betri ya gari linalounguruma, pitisha umeme kwenye mita yako ya kupimia umeme kwa kipimo cha ampea 10. Mita nyingi huvumilia kipimo hicho kwa sekunde chache tu, kwa hiyo soma haraka na uitoe. Kwa taa kubwa tumia mita ya kubana waya, ila iwe inayosoma umeme wa betri, si ile ya umeme wa nyumbani pekee. Ukisoma ampea 4.3 kwa volti 13.8, hiyo ni taa ya wati 60, hata boksi likisema 300. Na LED za kawaida za leo hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati, pungufu kidogo ukiondoa kinachopotea kwenye lenzi na kwenye joto. Wati 60 za kweli zitakupa lumeni 5,000 au 6,000. Lumeni 30,000 zilizochapishwa kwa rangi nyekundu hazimo humo.

Acha taa iwake dakika 15, kisha pima tena. Taa nzuri itakuwa imeshuka kidogo tu. Iliyo mbovu itakuwa imeshuka sana, au imeanza kupepesa. LED haifi kwa kuungua waya kama balbu. Inakufa polepole kwa joto. Chipu hukaa juu ya bamba la alumini, na joto lake lazima lipite kwenye mapezi ya nyuma litoke hewani. Taa yenye mapezi membamba ya urembo, au ambayo ndani bamba halikugusana vizuri na bodi, itawaka kwa nguvu dukani na baada ya msimu mmoja itakuwa imebaki nusu. Uzito ni dalili nzuri: alumini ya kutosha haiwi nyepesi. Rangi nayo ni dalili. LED nyeupe ni chipu ya buluu iliyofunikwa fosfori ya njano. Fosfori ikiwa kidogo, au ikiharibiwa na joto, mwanga unakuwa wa kibuluu. Chagua kati ya kelvini 4,000 na 5,700, kipimo cha rangi ya mwanga. Zilizoandikwa 6,500 na kuendelea zinaonekana kali ukizitazama, lakini kwenye udongo wetu mwekundu hazionyeshi shimo vizuri, maana udongo huo haurudishi buluu.

Simu yenye programu ya kupima luksi si chombo cha maabara, lakini kwa kulinganisha taa mbili inafaa. Usiku, weka simu mita 25 mbele ya taa, kwenye kitovu cha mwanga, soma luksi, zidisha kwa 625. Ukisoma 144, una kandela 90,000. Tumia simu ileile kwa taa zote mbili.

Nirudi kwenye vumbi, kwa kuwa ndilo linalotutofautisha na wenzetu wa barabara za lami. Kati ya Juni na Oktoba lori moja likipita njia ya changarawe linaacha ukuta wa vumbi ambao usiku usio na upepo haushuki upesi. Kila chembe humrudishia mwanga yule aliyeuwasha. Baa ikiwa juu ya paa, mwale wake unakwenda karibu sambamba na macho ya dereva, kwa hiyo kila chembe anayotazama kupitia kwayo imemulikwa na inamwakia usoni. Taa ikiwa chini kwenye bampa, mita zile za kwanza mbele ya kioo zinabaki na vumbi lisilomulikwa, na dereva anatazama kupitia giza hilo hadi kwenye barabara yenye mwanga. Ni hizo mita za kwanza ndizo zinazopofusha. Ukungu wa alfajiri kwenye milima ya Kasulu na Manyovu unafanya kazi kwa sheria hiyohiyo.

Kwenye Land Cruiser kuna ubaya wa pili. Baa iliyo kwenye keria inamulika boneti, na magari ya miradi mengi ni meupe. Boneti nyeupe ikimulikwa, mboni ya jicho inajifunga, na hapo hata mwanga wa mbali ulio mzuri haufiki tena kichwani mwa dereva. Anayelazimika kufunga taa juu aisogeze nyuma mpaka ukingo wa paa ukate mwanga unaoangukia boneti, au aweke kinga nyeusi chini yake, na iwe na swichi yake peke yake ya kuzimwa mara vumbi likitokea.

Kuhusu njano: wengi wanaamini njano hupenya vumbi. Chembe za vumbi na matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga, hivyo rangi zote hurudishwa karibu sawa. Taa ya kelvini 3,000 humpumzisha dereva kwa kuwa haina buluu nyingi ya kuchosha macho, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini njano iliyofungwa juu ya paa itampofusha vilevile. Kinachosaidia kwenye vumbi na ukungu ni taa ya mwanga mpana, bapa, wenye mkato mkali juu, iliyokaa chini. Kanuni za Ulaya zinataka taa ya ukungu ya gari dogo iwe kati ya milimita 250 na 800 kutoka ardhini. Kwa lori, iweke kwenye sehemu ya chini ya bampa.

Kwenye lenzi tafuta herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha. Taa ya ukungu huwa na B au F3. Taa ya mbali huwa na R, mara nyingi HR, na pembeni namba kama 17.5, 30 au 37.5. Hiyo ndiyo nguvu yake ya mbali. Ulaya hujumlisha namba za taa zote zinazowaka pamoja kwenye fuli, na jumla haitakiwi kupita 100, sawa na kandela 430,000. Taa zako za mbele zikiwa na 17.5 kila moja, ukaongeza mbili za 30, una 95. Umetosheka. Alama hii huigwa, hivyo isikuzuie kupima ampea na kushika uzito, lakini taa isiyo na alama yoyote mimi siifungi mbele ya gari linalotumia barabara ya watu wote.

Uchaguzi wenyewe, basi, ni huu. Lori la lami, Tabora kwenda Nzega na kuendelea, linatosheka na taa zake za mbele zilizotengenezwa vizuri, na likiongeza, iwe jozi moja ya taa za mbali. Pikapu inayoingia Ugalla au mashamba ya ndani ya Kaliua inafaidika na jozi moja ya taa zenye mwanga mpana kiasi kwenye bampa, na jozi ya ukungu chini. Mwale mwembamba wa digrii 8 au 10 unawafaa wanaokwenda kasi njia iliyonyooka. Kwenye njia ya porini yenye kona unamulika mti, na kona inabaki giza. Taa ya kumwaga mwanga digrii 60 ni ya kazi: kupakia marobota ya tumbaku, kubadili tairi. Wati 20 halisi zinatosha nyuma ya lori, iwe na swichi yake na taa ndogo ya kumkumbusha dereva kwenye dashibodi, maana mwanga mweupe ukiachwa ukiwaka nyuma unamwambia anayefuata kwamba lori linarudi nyuma.

Umeme. Malori mengi, pamoja na Canter na Fuso, ni volti 24. Land Cruiser nyingi ni volti 12, lakini zipo za zamani zilizotoka soko la Japani zikiwa na 24, kwa hiyo pima, usikisie. Taa iliyoandikwa volti 10 hadi 30 iko ukingoni kwenye lori, kwa sababu alteneta ikichaji inafika 28 na ushee, na regyuleta ikianza kuchoka inapita 30. Chukua ya 9 hadi 36. Na tafadhali, tuache tabia ya kuchukua moto kwenye betri moja ya lori ili kuwasha taa za volti 12. Betri mbili zimefungwa mfululizo na zinachajiwa pamoja. Ile unayoinyonya haijai, mwenzake inazidishiwa chaji mpaka inachemka maji. Baada ya muda unanunua betri mbili na unailaumu kampuni ya betri.

Taa mbili za wati 60 halisi zinakula ampea 10 kwenye volti 12, na ampea 5 kwenye 24. Fyuzi iwe 15 kwa pikapu na 7.5 kwa lori, ikae sentimita zisizozidi 30 kutoka betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote. Waya uwe wa 4 kwa pikapu na 2.5 kwa lori. Kwa ampea 10, taa ikiwa mita 4 kutoka betri, kwenda na kurudi ni mita 8: waya wa 1.5 unapoteza volti 0.9, wa 4 unapoteza 0.35. Na taa za LED zenye saketi ya kurekebisha umeme, volti zikishuka zenyewe huvuta ampea nyingi zaidi kufidia, hivyo waya mwembamba unazidi kupata moto. Usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja. Mtikisiko unaukata ndani ya ganda na hutauona. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, nayo ni nzuri sana.

Relei iwe ya volti za gari. Ya 12 kwenye lori koili yake inaungua; ya 24 kwenye pikapu haigongi kabisa. Miguu ya relei ina namba: moto wa betri kupitia fyuzi uingie mguu wa 30, taa zitoke mguu wa 87. Mguu wa 86 upate ishara kutoka waya wa fuli kupitia swichi ya dashibodi, na 85 uende ethi. Kwa mpangilio huo taa za ziada haziwezi kuwaka bila fuli, na dereva akishusha dimu zinazimika zenyewe. Sifungi kwa namna nyingine. Swichi inayowasha taa hizo peke yake ndiyo inayoacha lori zima likiwaka huku dereva anaamini ameshawapunguzia wenzake.

Hapa pana mtego. Kwenye Toyota nyingi na magari mengine ya Kijapani, soketi ya H4 ina moto muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi inakata upande wa ethi. Ukiunga kama nilivyoeleza, taa za ziada zitawaka kwenye dimu na kuzimika kwenye fuli, kinyume kabisa, na mafundi wengi hubadilisha relei tatu nne bila kujua sababu. Pima waya wa fuli dhidi ya bodi. Ukionyesha volti za betri gari likiwa dimu, na karibu sifuri likiwa fuli, basi ni wa kukata ethi. Hapo 86 ipate moto kutoka waya wa pamoja wa taa, kupitia swichi, na 85 iungwe kwenye waya wa fuli. Malori mapya yanayoongozwa na kompyuta usiyatoboe waya wa taa hata kidogo: yanapima mkondo wa kila balbu, na mengine hupeleka umeme kwa mapigo, relei inatetemeka badala ya kushika. Mengi yana soketi maalumu iliyoachwa na kiwanda kwa vifaa vya ziada. Tumia hiyo. Kwenye lori la mafuta usiongeze waya wowote bila mtu anayejua kanuni za magari ya kubeba mafuta.

Viungo vya kusokota na kufunga tepu vinaharibika mvua za kwanza za Novemba. Bana kwa koleo la terminali, vaa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, pitisha waya kwenye bomba la mikunjo, na pale unapopenya bodi weka mpira. Ethi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, ifungwe, kisha ipakwe grisi. Kwa malori ya chumvi ya Uvinza, bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kati ya chuma na alumini ya taa weka washa ya plastiki, la sivyo alumini italiwa na breketi italegea. Breketi ikilegea, mwanga unatetemeka barabarani na dereva anachoka bila kujua kinachomchosha.

Maji yanaingiaje kwenye taa iliyoandikwa IP67? Alama hiyo ina maana ya kuzamishwa mita 1 kwa nusu saa, taa ikiwa imepoa. Taa ya moto ikiingia mtoni au ikimwagiwa maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia mpira. Taa nzuri ina kitundu kidogo cha kupumulia chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, kitafute nyuma. Wanaoosha magari kwa pampu ya nguvu watafute IP69K. Jambo lingine: lenzi ya LED haipati joto kama ya halojeni, hivyo tope haikauki ikabanduka. Masika dereva awe na kitambaa chenye maji, kwa sababu tope kavu ikifutwa kavu inachora lenzi.

Kinachoua taa nyingi nzima ni uchomeleaji. Kabla ya kuchomelea chasisi kwa umeme, toa nguzo hasi ya betri na chomoa soketi za taa. Mkondo wa mashine ukipita kwenye ethi ya taa, saketi ya ndani imekwisha.

Magari yenye redio za mawasiliano, kama yanayohudumia kambi za wakimbizi, yapimwe kabla taa hazijalipiwa: fungua redio kwenye masafa yenye mawimbi dhaifu, washa taa. Ukisikia mlio au kelele, hiyo taa si yako. Zilizopimwa kwa CISPR 25, kiwango cha kelele za umeme zinazosumbua redio, hasa daraja la 5, ndizo tulivu.

Kuelekeza kunafanywa ovyo kuliko kazi yote. Weka gari mahali pa usawa, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Chora ukutani urefu wa kitovu cha taa. Taa ya mbali, kitovu cha mwanga wake kiangukie kwenye mstari huo au sentimita 10 chini. Taa ya ukungu, mkato wake uwe sentimita 20 chini. Pikapu ikipakiwa nyuma, pua inapanda. Digrii 1 tu ya kupanda inainua mwanga mita 1.75 kwa umbali wa mita 100, yaani kutoka kwenye bampa hadi machoni mwa dereva wa upande wa pili.

Nina maombi matatu. TBS, shirika la viwango, iwatake wanaoingiza taa hizi waandike wati halisi na luksi kwa umbali uliotajwa, kwa Kiswahili, kwenye boksi. Vyuo vya ufundi vya VETA viingize somo la kuelekeza taa na kusoma alama zake kwenye mafunzo ya umeme wa magari. Na askari wa usalama barabarani, wanapokagua, wasiishie kuhesabu taa: wamwambie dereva awashe fuli, kisha ashushe dimu, waone zipi zimebaki zikiwaka.

Fundi umeme wa magari,
Tabora.